Nilivyotumwa Kumleta Jerida

Ndugu zangu wa kikundi cha maombi, tangu nirudi kila mmoja wenu ananishika mkono mlangoni pa kanisa na kuniuliza, "Mzee Enos, ilikuwaje huko?" Nikianza kueleza, mtu anaitwa, au mvua inaanza, na habari inakatikia njiani. Ndiyo maana nimeketi niiandike yote. Mambo ya pasipoti na viza nayaacha. Yalikuwa mengi, yakaisha, Mungu ashukuriwe.

Wengi wenu hamkumjua Jerida, kwa hiyo nianze naye. Ni dada yangu anifuataye. Baba yetu alitoka Vihiga akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa katika mashamba makubwa ya Ruiru, na Jerida alizaliwa kule kule kambini. Baadaye baba alinunua shamba dogo hapa Gatuanyaga, akajenga, na alipofariki tukamzika hapa. Jerida aliolewa na Toni, Mswisi aliyekuja kufunga mitambo katika kiwanda kimoja cha Thika. Walihamia kwao, kijiji cha milimani kinachoitwa Hinterlaui, wakajaliwa mtoto mmoja, Lea. Lea akiwa bado mdogo, Jerida aliugua akafariki, akazikwa kule. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kwenda. Mama alimlilia binti yake bila kuona jeneza wala kaburi.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Kisha mwaka huu Lea akapiga simu. "Mjomba," akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na mamake, "kijiji kitaondoa makaburi ya safu ya mama. Ni sheria ya huku. Miaka ikitimia, safu yote inaondolewa." Akaitaja siku, Jumatatu fulani, na kusema kwamba Toni amekubali.

Simu ilikuwa kwenye spika, na mama alikuwa ameketi papo hapo akichambua maharagwe. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni ya msichana. Alienda chumbani akarudi na shuka jeupe, lile alilojiwekea kwa ajili ya maziko yake mwenyewe.

"Toni amekubali," akasema. "Mimi sijakubali. Mfunge humu umlete alale kando ya babake. Enos, usirudi mikono mitupu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

GATUANYAGA HADI RUIRU

Tiketi yangu ilikuwa ya kunifikisha Jumapili, siku moja kabla ya kuondolewa kwa makaburi. Jumamosi mchana jirani yetu Njoroge alikuja na pikapu yake ya kubebea mbuzi. Nilikuwa na sanduku moja, na ndani yake shuka la mama. Nilikuwa pia na kopo la majani ya chai lililojaa udongo uliochotwa kando ya kaburi la baba. Mama alitaka binti yake aonjeshwe udongo wa kwao kabla ya kutolewa kule. Kopo nililishika mkononi nisije nikaligeuza.

"Mzee, uko na nini kwa hiyo kopo?" Njoroge akauliza.

"Udongo."

"Udongo? Kwani huko ng'ambo hakuna?"

"Uko, lakini si wa kwao Jerida."

Tukavuka mji wa Thika. Kisha akasema, "Ngai! Basi shika vizuri isimwagike. Hii gari imezoea mbuzi, haijazoea mambo kama hiyo."

Tulipopita Juja, magari yote yalikuwa yamesimama. Lori la mawe ya kujengea lilikuwa limelala ubavu mbele, na mawe yametapakaa barabara nzima. Watu walizima injini wakatoka nje kununua mahindi ya kuchoma. Mimi niliangalia jua.

"Njoroge, ndege itaniacha."

"Ndege haingojangi mtu, hiyo ni ukweli," akajibu, na papo hapo akakata kona. "Mzee, wewe omba, mimi nitafute njia."

Akaingia barabara za vumbi za Theta, katikati ya mahindi na nyumba mpya ambazo bado hazina madirisha. Tulikuwa tunaenda vizuri, mpaka tukakuta ng'ombe wamejaa njia. Mchungaji wao, mwanamke mwenye redio shingoni, hakuwa na haraka hata kidogo. Njoroge akapiga honi.

"Unapigia nani honi?" yule mama akamuuliza. "Ng'ombe anajua honi?"

"Mathe, nimebeba mzee anaenda kuchukua maiti Ulaya!"

Yule mama alinitazama kwa dirisha, akaliona kopo, akaanza kuwachapa ng'ombe wake waingie kwenye mahindi ya mtu. Sijui kama mwenye mahindi alimsamehe. Mimi nilimwombea.

RUIRU HADI UWANJA WA NDEGE

Kwenye kona ya kuingilia barabara ya kwenda uwanjani alikuwa amesimama binti yangu Phanis, anayeishi Mwihoko. Alikuwa amengoja juani kwa saa nyingi na furushi mkononi.

"Baba, huwezi kwenda kwa shemeji mkono mtupu," akasema. Ndani kulikuwa na kuku wawili wa kuchoma, wamefungwa vizuri. Ninyi mnajua kwetu mtu haendi kwa wakwe bila kuku. Moyoni nilijiuliza kama shemeji aliyekubali kufuta kaburi la mke wake anastahili kuku, lakini sikumwambia Phanis hivyo. Niliwaweka sandukuni juu ya shuka, na kopo pia nikalitia humo.

Nilifika uwanjani nikitweta, mlango ukiwa karibu kufungwa. Nilipoketi na kufunga mkanda nilimshukuru Mungu kwa sauti, na jirani yangu akaitikia amina. Tulishukuru mapema. Ndege haikuondoka. Tulikaa ndani yake, mafundi wakipanda na kushuka, watoto wakilia, hadi wakatutoa nje tena tukaketi. Tulipoondoka hatimaye, nilijua kwamba ile ndege ya pili, ya kunitoa mji wa kubadilishia ndege hadi Zürich, haitakuwepo.

JUMAPILI BILA KANISA

Kweli haikuwepo. Waliniambia ningoje ya jioni, itakayonifikisha usiku, kisha baadaye wakasema hiyo imejaa, ningoje ya alfajiri ya Jumatatu. Alfajiri ya Jumatatu! Nilihesabu kwa vidole nikaona kwamba nitakuwa angani makaburi yakianza kufunguliwa. Simu yangu ilikuwa imezima, na nyaya zangu hazikuingia kwenye matundu yao.

Jumapili ile niliimba nyimbo za ibada kwa sauti ya chini nikiwa nimeketi kwenye kiti cha chuma. Msichana aliyekuwa anapiga deki alipita, akarudi, akasimama, akaniita babu kwa Kikuyu.

"Guka, hiyo wimbo umetoa wapi?"

"Nyumbani. Kenya."

"Kenya wapi?"

"Gatuanyaga."

Akaangusha fimbo ya deki. "Ai! Mimi ni wa Theta! Tumekuwa majirani guka, na hatujuani!" Jina lake Wambui. Alinitafutia chaja, akaniletea wali na kuku kutoka jikoni kwao, akanisimamia hadi nikala wote. Nilipomweleza safari yangu alikaa chini kando yangu, ingawa alikuwa kazini.

"Babangu alikufa nikiwa hapa," akasema. "Walinitumia video. Niliangalia nikiwa hiyo choo pale, ju huku hakuna mahali ya kulia." Akafuta machozi. "Guka, ukimpata dadako, usimwachilie."

Nilimpigia Lea nikamweleza yaliyonipata. Akasema atamwambia babake awaombe wangoje. Baada ya kitambo akanipigia tena, sauti yake imebadilika. "Mjomba, baba hashiki simu."

Nilifanya hesabu yangu mwenyewe. Mtu aliyekubali kaburi liondolewe, siku inakaribia, na hashiki simu. Nilimwomba Mungu auzuie ulimi wangu nitakapokutana naye, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya mzee wa kanisa.

ZÜRICH

Pale Zürich afisa wa forodha, mwanamke mwenye glavu, alifungua sanduku langu akawatoa kuku wa Phanis.

"Ni wa shemeji," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

Akatikisa kichwa kwa upole, akawaweka kando. Nyama hairuhusiwi. Kisha akafungua lile kopo, akanusa, akawaita wenzake wawili. Nao wakanusa. Nikawaeleza kwamba ni udongo wa kaburi la baba, nauleta kwa dada. Waliongea kwa lugha yao kwa muda mrefu sana, na mmoja akaenda kumwita mkubwa wao. Nilisimama pale nikitazama saa kubwa ya ukutani ikila dakika zangu. Mkubwa alipokuja alinipa pole, lakini udongo wa nje hauingii, una magonjwa ya mimea. Akaumwaga kwenye ndoo yenye kifuniko na kunirudishia kopo tupu, akiwa amelifuta vizuri.

Kuku niliwaacha bila neno. Ule udongo ulinitoa machozi mbele ya watu.

Lea alikuwa nje. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Alinikumbatia, na nilipomwona meno nikamwona Jerida. Lakini hatukuwa na muda wa kulia. "Treni yetu imeondoka ukiwa ndani," akasema. "Inayofuata inatuchelewesha zaidi. Wameshaanza, mjomba." Treni za kule haziijui huruma, zinaondoka kwa wakati hata kama mtu ameweka mguu mmoja ndani.

Tulisafiri kando ya ziwa, kisha tukabadilisha treni, kisha basi la manjano lililopanda milima kwa kona kali. Maporomoko ya maji yalining'inia kama nyuzi. Lea alijaribu simu ya babake tena na tena. Haikushikwa.

HINTERLAUI

Kijiji kiko ndani ya bonde jembamba. Upande mmoja unapata jua, mwingine ni kivuli, na Lea aliniambia kwamba katikati ya majira ya baridi jua halifiki kanisani kabisa kwa wiki kadhaa. Nyumba ni za mbao nyeusi, na watu wake wote wangeenea katika kanisa letu na viti vikabaki. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Tuliposhuka kwenye basi nilisikia mngurumo wa mashine kutoka juu, kanisani.

Nilikimbia. Mzee wa umri wangu, na sanduku mkononi, nilikimbia nikipanda mlima, Lea mbele yangu. Kabla hatujafika mngurumo ukanyamaza. Nikasema moyoni, basi, wamemaliza.

Kiwanja cha makaburi kimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Tingatinga dogo lilikuwa limesimama katikati ya safu, na misalaba na mawe yaliyong'olewa yamelazwa kwenye nyasi kama kuni. Dereva alikuwa ameketi ndani akinywa kahawa. Mbele ya tingatinga, juu ya kaburi moja tu lililobaki, palikuwa na kiti kidogo cha kukamulia ng'ombe, na juu ya kiti hicho mzee mrefu mwenye kofia, amelowa maji mpaka mgongoni, ameushika msalaba wa mbao kwa mikono miwili.

Alikuwa Toni. Alikuwa ameketi pale tangu asubuhi, Lea akaniambia baada ya kusemezana naye. Dereva alipofika kwenye kaburi la Jerida, Toni alimwambia, "Kakake hajafika." Dereva akasema ana ratiba. Toni akasema, "Mimi pia." Jumapili pia alikuwa ameshinda pale, na simu yake ilikuwa nyumbani juu ya meza, kwa sababu hakuona haja ya kutembea na simu kwenda makaburini.

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Jumapili niliyaacha hapo hapo. Nilivua kofia yangu. Naye akavua yake. Kisha akanyanyuka kutoka kwenye kiti, akanipisha nikae mimi.

MEZA YA TONI

Lakini sikuwa nimetumwa kukaa. Nilimwambia Lea amwambie dereva nataka achimbe, polepole, nimtoe dada yangu. Nikalitoa shuka.

Dereva alimtazama Toni, Toni akamtazama Lea, na Lea akanitazama mimi. Alikwenda kumwita karani wa kijiji. Akaja mwanamke mwenye nywele fupi, buti za mvua miguuni, akanishika mkono kwa heshima na kunieleza, Lea akitafsiri. Mifupa haitolewi. Kinachoondolewa ni mawe na misalaba tu. Ardhi inapandwa nyasi na kupumzishwa, na baada ya miaka watu wengine watazikwa pale. Kuchimba ni mwiko wa sheria, na hakuna mtu wa kijiji anayeweza kuruhusu hilo.

"Watu wengine?" nikauliza. "Watalazwa juu yake?"

"Ndiyo."

"Mwambie," nikamwambia Lea, "kwetu hata mbwa hatumziki juu ya mwingine."

Lea alisita, lakini alitafsiri. Karani hakukasirika. Toni ndiye aliyenishika kiwiko na kuniongoza hadi nyumbani kwake, nikiwa bado na shuka mikononi.

Tulikuwa tumekaa tu mezani simu yangu ilipolia. Phanis. "Baba, umefika? Kukhu ameagiza kaburi lichimbwe. Wamemaliza jana. Wazee wamekuja kutoka Vihiga. Unakuja lini naye?"

Kukhu ni nyanya yake, yaani mama yangu. Ninyi mnaelewa, lakini ilinibidi nimweleze Toni: kwetu kaburi likichimbwa halikai bila mtu. Likikaa wazi, linaita. Sisi tuliookoka hatuwezi kusema tunaogopa jambo hilo, lakini hakuna hata mmoja wetu anayelichimba kisha akalala usingizi. Wazee wakikosa maiti, hukata mgomba wakauzika badala yake.

Toni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanika soksi zake kwenye jiko, akatuyeyushia jibini na kutumwagia juu ya viazi. Viazi nilivijua. Jibini ilinuka kama zizi, lakini nilikula, kwa kuwa aliyenipa alikuwa amenyeshewa kwa ajili ya dada yangu. Akaanza kuniambia habari za kijiji chake, taratibu, kama mtu anayepanga kuni.

Zamani, alisema, mlima uliteleza ukafunika nyumba za chini. Ndiyo maana kanisa liko juu. Baadaye ikaja njaa, na kijiji kikawakusanya maskini wake, kikawalipia nauli ya kwenda Amerika ili wasirudi. Katika walioondoka walikuwemo ndugu za babu yake. Hakuna anayejua wamelala wapi. Siku hizi vijana wanaenda mjini wenyewe, bila kulipiwa. Shule imefungwa. Ng'ombe ni wengi kuliko watu.

"Lakini kila mmoja wao bado ni wa hapa," akasema. Na hapo akanieleza desturi yao: kila Mswisi ana kijiji cha asili, alichorithi kwa baba zake, hata kama amezaliwa mjini na hajawahi kulala hapo usiku mmoja. Mwanamke akiolewa zamani zile, aliingia katika kijiji cha mumewe. "Jerida hakufa mgeni. Angefia hata Nairobi, tungesema ni wa Hinterlaui."

Neno hilo lilinichoma. Kwa sababu sisi je? Watoto wangu wamezaliwa Ruiru, na ukiwauliza kwao wanasema Vihiga, na hawaijui njia ya mtoni huko Vihiga. Nilifikiri ni sisi peke yetu tuliokuwa hivyo.

"Sawa," nikamwambia. "Ni wa kwenu. Lakini ni nani atakayelazwa juu yake? Mnaye mtu?"

Lea alipotafsiri, Toni alicheka kidogo. Alijibu akiwa anatazama viazi.

"Anasema," Lea akatafsiri, na sauti yake ikakatika, "hapa watu wanazikwa kwa zamu, hawachagui mahali. Safu hiyo ni lazima ipumzike miaka kwanza. Anasema ndiyo sababu alikubali upesi, ianze kupumzika mapema. Yeye ni mzee. Anajitahidi asife kabla haijawa tayari."

Nilimtazama mtu yule niliyemwita mabaya mengi moyoni. Hakuwa amemfuta mke wake. Alikuwa anapanga foleni.

Jioni ile kabla ya giza tulirudi makaburini. Nilikung'uta shuka la mama juu ya kaburi, na vumbi la Gatuanyaga likatoka ndani ya mikunjo yake, maana mama alikuwa amelianika kwenye ua siku ya upepo. Huo ndio udongo ambao afisa hakuuona. Kisha Toni na dereva wakaung'oa msalaba ili niende nao nyumbani, msalaba aliouchonga Toni mwenyewe, wenye paa dogo la mbao na jina la Jerida. Nikatafuta maji niuoshe matope ya mguu wake. Toni akanizuia mkono. Neno hilo halikumhitaji Lea: alitikisa kidole, basi. Usiuoshe.

KURUDI

Msalaba ulikuwa mrefu kuliko sanduku. Niliufunga ndani ya shuka, na pale uwanjani Zürich waliutuma pamoja na vifaa vya watu vya kutelezea theluji. Njia nzima nilikuwa na hofu moja. Nilikuwa nimetumwa mtu, nami narudi na mti. Nyumbani kaburi liko wazi. Wazee wa Vihiga wanangoja. Na mama alikuwa amesema nisirudi mikono mitupu.

Nairobi, afisa alinisimamisha. "Mzee, hii ni nini umefunga hivi?"

"Msalaba wa kaburi la dada yangu."

Alishika shuka, akaupapasa kwa juu, akaurudisha mkono haraka. "Unapeleka wapi?"

"Gatuanyaga."

"Pita, mzee. Pole sana."

Njoroge alikuwa nje na pikapu, ameiosha. Alipoona ninachobeba alikuja kuupokea msalaba. Aliulaza nyuma juu ya nyasi safi alizokuwa ametandika, akaendesha polepole njia yote, hata Ruiru ambapo barabara ilikuwa wazi.

SHIMO

Mliokuwepo mnajua. Watu walijaa, hema limesimama, kwaya imevaa. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya shimo, karibu na kaburi la baba. Nilipolaza lile furushi miguuni pake na kulifungua, kwaya ikaacha wimbo katikati.

Binamu yangu Shisia, mkubwa wa wazee kutoka Vihiga, ndiye aliyesema kwanza. "Enos, huyu si mtu. Shimo limetaka mtu. Kateni mgomba."

"Hatuziki migomba hapa," akasema mchungaji wetu.

"Basi wewe utaingia humo?"

Wengine wakaguna. Vijana wawili walikuwa wameshashika mapanga, wanangoja kuambiwa. Mimi nilimpigia mama magoti.

"Mama, hawakunipa. Sheria yao hairuhusu. Sikuweza."

Mama akauliza, si kuhusu mifupa. "Uliona anapolala?"

"Niliona."

"Nieleze. Wewe unajua sioni."

Nikamweleza, mbele ya watu wote, kama nilivyowaandikia hapa. Bonde, upande wa jua na upande wa kivuli. Mlima ulioteleza. Maskini waliotumwa Amerika, ambao makaburi yao hakuna anayeyajua. Ng'ombe wengi kuliko watu. Mzee aliyenyeshewa juu ya kiti cha kukamulia, na safu inayopumzika, na zamu anayoingoja.

"Anangoja alale naye?" mama akauliza.

"Ndiyo. Anaogopa kufa mapema."

Mama aliinama akaupapasa msalaba, kuanzia paa, jina, hadi chini. Vidole vikasimama kwenye mguu.

"Hii ni nini?"

"Udongo wake. Toni alinizuia kuuosha."

Alianza kuukwangua kwa ukucha, punje kwa punje, hadi ukajaa katikati ya kiganja, mkavu, mweusi, si kama huu wetu. Akanyoosha mkono wake, nikamsaidia kusimama, akaumwaga ndani ya shimo. Haukutoa sauti yoyote.

"Shisia," akasema. "Sasa kuna mtu. Fukieni."

Shisia ndiye aliyechukua koleo la kwanza. Tuliusimamisha msalaba juu, kwaya ikaendelea pale ilipokuwa imeachia. Mama alilikunja shuka lake, akampa Phanis alirudishe chumbani, maana kazi yake ilikuwa bado.

Watu walipokuwa wanakula, aliniita.

"Una simu?"

"Ninayo, mama."

"Mpigie Lea. Amwambie mkwe wangu asiharakishe. Avae koti, ale vizuri. Sisi huku hatuna haraka naye."